Watoto wako wapi?

Mwezi wa tatu wa masomo yangu kusini mwa Italia, nilikuwa na kadi moja nyeusi niliyojivunia kuliko vyeti vyote nilivyotoka navyo Unguja. Ni kadi ya upana wa vidole viwili, imegawanywa vyumba 60 kwa mistari myeupe. Ndani ya vyumba hivyo nilikuwa nimebandika magamba ya ostrakodi, viumbe wadogo sana wa majini, niliyoyaokota moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Yalikuwa magamba mazuri, makubwa kwa kadiri ya viumbe hao, mengine yakikaribia milimita moja. Gamba la Aurila, aina moja ya ostrakodi, lina vishimo vilivyopangwa kama kitambaa cha kufuma. La Xestoleberis, aina nyingine, ni laini, limevimba, linang'aa kama choroko iliyooshwa. Yote yalitoka kwenye tope tulilolizoa nje ya pwani ya Sisilia, kina cha mita 70, na mimi nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kwamba aina hizi mbili zinaishi kwenye tope la kina hicho.

Profesa wangu, mama mtu mzima aliyefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa, aliinamia hadubini kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akainua kichwa.

"Umeyasafisha vizuri," akasema. "Na watoto wao wako wapi?"

Sikumwelewa. Nilidhani ananiuliza kama nimewahi kuwaona ostrakodi wakizaana.

Alivuta kiti akanieleza. Ostrakodi ni jamaa wa kaa na kamba, ila yeye amejifungia ndani ya magamba mawili kama chaza. Na kama kaa, hawezi kukua bila kujivua gamba. Aina nyingi za baharini hujivua mara 8 ndipo zipevuke, na kila mara mnyama huacha nyuma magamba mawili. Kwa hiyo ostrakodi mmoja aliyejaliwa kufika ukubwani ameacha magamba 16 ya utotoni na 2 ya ukubwani, tena hapo hatujawahesabu ndugu zake waliokufa wakiwa wadogo. Mahali walipoishi kwa utulivu, tope hujaa vigamba vya kila rika. Kadi yangu ilikuwa na wazee watupu, kama kijiji kisicho na hata mtoto mmoja wa kutumwa dukani.

Sababu zinaweza kuwa mbili, na ya kwanza ilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nimechekecha tope kwa chekeche la matundu ya maikroni 250, yaani robo ya milimita, kwa sababu punje kubwa ni rahisi kuziona na rahisi kuziokota. Watoto, kama walikuwemo, nilikuwa nimewamwaga kwenye sinki. Bahati nzuri nusu ya sampuli ilikuwa bado imehifadhiwa. Nikaiosha upya kwa chekeche la maikroni 63, maji yakitoka taratibu, na nikakaa siku nne nikiokota vitu ambavyo kwa macho matupu ni vumbi.

Watoto wakaonekana, lakini wa watu wengine. Costa edwardsii, ostrakodi mwenye gamba refu lenye mbavu nene, alikuwepo kwa rika karibu zote. Cytherella naye hivyohivyo. Hao ndio waliokuwa wenyeji wa lile tope. Aurila na Xestoleberis waliendelea kuwa wakubwa peke yao, na nilipoyaangalia magamba yao safari hii kwa jicho lenye mashaka, niliona mengi yamesuguliwa nakshi na kumeguka kingo. Walikuwa wageni. Maisha yao ni ya maji yasiyo na kina kirefu, kwenye nyasi za bahari na mwani, na dhoruba ndizo zilizowakokota hadi kwenye mteremko baada ya kufa. Kijiko kimoja cha tope kilikuwa na jamii mbili, moja ilizaliwa pale na nyingine ilizikwa pale tu.

Nilikata mistari miwili kwenye daftari, na juu ya ukurasa nikaandika swali la Profesa kwa Kiswahili. Liko hapo mpaka leo.

Ilibidi nikawaone hao wageni kwao. Majira ya joto yaliyofuata nilizamia kwa mara ya kwanza kwenye shamba la Posidonia oceanica, zile nyasi za bahari za Mediteranea ambazo haziko bahari nyingine yoyote. Jani lake lina upana wa karibu sentimita moja na linaweza kufika mita moja kwa urefu. Zinaota mpaka kina cha mita 40 hivi pale maji yanapokuwa maangavu, na mizizi yake hujenga tuta linalopanda polepole mno. Nimekulia Jambiani, nimetembea juu ya nyasi za bahari tangu utotoni maji yakitoka, lakini pale hakuna kupwa kwa kutajika. Nyasi hazionekani mpaka uzamie. Nilikata majani machache nikayatia kwenye mfuko, na jioni nikaliweka moja chini ya hadubini. Lilikuwa na msongamano wa mji. Planorbulina mediterranensis, mmoja wa foraminifera, viumbe wa seli moja wenye gamba, alikuwa amejibandika bapa juu ya jani kama chapati iliyotengenezwa kwa vipovu. Xestoleberis mwenyewe alikuwa akitembea, miguu ikichungulia kwenye upenyo wa magamba, haraka kuliko nilivyotarajia. Chini kwenye vikonyo, mahali penye kivuli, kulikuwa na Miniacina miniacea, foraminifera mwenye rangi ya waridi iliyokolea. Vipande vya huyu ndivyo vilivyoupa rangi mchanga wa Spiaggia Rosa, kisiwa cha Budelli huko Sardinia, ufukwe ambao watu walizuiwa kuukanyaga tangu miaka ya 1990 kwa sababu wageni walikuwa wakiubeba mfukoni.

Foraminifera ni seli moja tu, na ndiyo maana wananishangaza mpaka sasa. Seli moja inajijengea nyumba ya chokaa, inaongeza chumba baada ya chumba, nyingine kwa mzunguko kama konokono, nyingine kwa safu kama kusuka ukili. Italia wanawatazama tangu zamani. Beccari wa Bologna aliwaeleza mwaka 1731 kutoka kwenye mchanga wa huko, na mmoja wao, Ammonia beccarii, bado anabeba jina lake. Mfaransa d'Orbigny alipowapa jina la kundi mwaka 1826 aliamini ni jamaa wa pweza. Ilichukua hadi 1835 kwa Mfaransa mwenzake Dujardin kuonyesha kwamba ndani hakuna pweza wala mnyama wa namna hiyo, ni ute hai unaotiririka.

Kazi ya kuwaokota ilinirudisha kwa bibi yangu. Nilimpigia simu Ijumaa moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wanakusomesha nini huko?"

Nikamwambia kwamba kutwa namwaga mchanga kwenye sahani yenye mistari, naupitia mstari kwa mstari, naondoa vinavyotakiwa na kuacha visivyotakiwa, mpaka vifike 300.

"Unachagua mchele," akasema.

"Ndiyo bibi. Ila huku nachukua chuya na kuacha mchele."

Alinipa nasaha ambayo hakuna mtu wa maabara aliyewahi kunipa: usichague ukiwa na njaa, na usichague upande mmoja wa ungo. Hilo la pili ni somo zima la takwimu. Ukimwaga mchanga kwenye sahani, punje nzito hukaa upande wake na nyepesi upande wake. Mwanafunzi aliyechoka huanzia kona iliyojaa, akafika 300 kabla hajamaliza sahani, akaacha. Hesabu yake inakuwa ya kona ile, si ya bahari. Tangu siku hiyo nikianza sahani naimaliza, hata zikifika 400.

Kujua nani alikuwa hai siku ya kuzoa sampuli ni kazi nyingine, na hapo nilipoteza kitu kisichorudi. Njia inayotumika tangu miaka ya 1950 ni kutia rangi ya Rose Bengal. Rangi hiyo hushika nyama laini ndani ya gamba. Aliyekuwa hai hugeuka waridi, gamba tupu hubaki jeupe. Mwaka 2012 watafiti wa foraminifera walichapisha utaratibu wa pamoja ili kazi za nchi mbalimbali zilinganishwe. Wanachukua sentimita moja ya juu ya tope, mara tatu kwa kila kituo, ethanoli yenye gramu 2 za rangi kwa lita, na sampuli ikae si chini ya siku 14. Mimi nilizifungua chupa zangu siku ya tano, kwa sababu nilitaka matokeo kabla ya likizo. Rangi ilikuwa imeingia vyumba vya nje tu kwa wengine, na kwa wengine haikuingia kabisa. Nikishaosha na kukausha, hakuna kurudi nyuma. Vituo vitatu vilivyogharimu safari ya meli viliishia kuwa mchanga wa kufundishia.

Na hata siku 14 zikitimia, waridi si ushahidi wa uhai peke yake. Kwenye tope baridi lisilo na hewa nyingi, nyama ya aliyekufa yaweza kukaa wiki au miezi bila kuoza, nayo ikashika rangi. Profesa alinizoesha kuhesabu wale tu ambao rangi imekolea vyumba karibu vyote, chumba cha mwisho kikisamehewa. Kwa ostrakodi nilitakiwa nione miguu. Hapakuwa na "pengine" kwenye jedwali lake. Penye shaka, huyo amekufa.

Upande wa visukuku nilidhani utakuwa rahisi, kwa kuwa huko wote wamekufa. Tulikwenda Eraclea Minoa, pwani ya kusini ya Sisilia, kwa kibali. Ukisimama ufukweni unaona mwamba mweupe wa Trubi umelala juu ya tabaka za kijivu na za jasi, na mpaka wake ni mkali kiasi cha kuufunika kwa kiganja. Wanajiolojia wa dunia nzima wameuchagua mpaka huu kuwa mwanzo wa enzi ya Zanclean, miaka milioni 5.33 iliyopita. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka laki sita, njia ya maji kutoka Atlantiki ilikuwa imebanwa. Mediteranea ikawa inapoteza maji kwa jua kuliko inavyopokea, chumvi na jasi zikatanda chini yake kwa unene wa kutisha. Mwaka 1970 meli ya Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya bahari na kukuta mabaki hayo huko kilindini. Kisha njia ikafunguka.

Niliosha sampuli mbili, moja ya chini ya mpaka na moja ya juu. Unaloweka donge kwenye maji yenye haidrojeni peroksaidi, linachemka kama soda, linabomoka lenyewe. La chini lilitoa ostrakodi wa maji ya chumvi hafifu, Cyprideis, jamaa wa wale wanaoishi leo kwenye mabwawa ya pwani na midomo ya mito. La juu lilitoa foraminifera wanaoelea bahari kuu, kwa maelfu, na kati yao Orbulina universa, tufe kamili lisilo na mwanzo wala mwisho, kama ushanga ambao haujatobolewa. Kutoka ziwa la maji hafifu hadi bahari kuu, na kati yao unene wa kiganja. Nilikaa na sahani zile mbili ubavuni mwa nyingine mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Na pale pia swali lilikuwa lilelile. Mle chini, Cyprideis walikuwa na watoto. Vigamba vya kila rika, vyembamba, kingo nzima. Wangeletwa na mto kutoka kwingine wasingefika hivyo.

Mwaka wa pili ndipo yakanifika ambayo sikuyatarajia. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mazishi, na nikiondoka nilichukua chupa ndogo ya mchanga wa Jambiani, nusu kwa kumbukumbu na nusu kwa kulinganisha. Nikauosha maabara. Wiki iliyofuata nikaosha sampuli za pwani ya kaskazini ya Sisilia, na kwenye sahani ya pili nikaona kitu nikakitambua kabla sijarekebisha lenzi: Amphistegina. Dengu ndogo, imevimba kati, inang'aa.

Lazima nieleze kwa nini moyo ulinienda mbio. Amphistegina lobifera ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, viumbe wa Bahari ya Shamu walipata njia ya kuingia Mediteranea, na huyu ni miongoni mwa waliofanikiwa kupita kiasi. Ndani ya mwili wake wanaishi diatomu, mwani wa seli moja, wanaomlisha kwa mwanga wa jua, hivyo hustawi penye maji maangavu na ya joto. Baridi ya kipupwe ndiyo inayomzuia, chini ya nyuzi 14 hivi hawezi, na bahari inavyozidi kupata joto mpaka huo unasogea magharibi na kaskazini. Kuna fukwe za mashariki ya Mediteranea ambako mchanga kwa sehemu kubwa ni magamba yake. Nilijua ameshafika Malta na pembe ya kusini-mashariki ya Sisilia. Kaskazini sikuwa nimesikia. Tena ukoo wake ulishawahi kuishi Mediteranea, magamba yake yamo kwenye miamba ya Pliosini ya Italia, yaani ya baada ya ule mpaka wa Trubi, ukatoweka, na sasa umerudi kwa mlango mwingine. Mtoto wa Jambiani kumkuta jirani yake ugenini, tena akiwa wa kwanza kumwona pale, ilikuwa furaha nisiyoweza kuieleza.

Niliokota wanne. Wote wakubwa. Wote weupe.

Usiku ule, kitandani, ndipo swali likanijia. Asubuhi nikaenda maabara kabla ya wote. Nikafungua nusu ya sampuli ambayo haikuwahi kugusa chekeche lolote, nikaiosha kwa chekeche jipya, nikaipitia yote. Hakuna hata mmoja. Kisha nikalichukua chekeche la zamani nikalitazama chini ya hadubini, na kwenye kona ambapo wavu unaungana na chuma, wawili walikuwa wamenasa. Hawakupitia Suez. Nimewaleta mimi kwa ndege, kwenye chupa ya jamu.

Nilimweleza Profesa siku ileile. Hakunikaripia. Alinipeleka kwenye kabati akatoa beseni la bluu ya methilini. Kila chekeche, kabla ya sampuli mpya, linachovywa humo. Punje yoyote iliyobaki kutoka sampuli ya nyuma inageuka bluu, na ukija kuiona kwenye sahani unajua si ya hapo. Nilikuwa nimeusoma utaratibu huo siku ya kwanza, na nikawa nauruka kwa sababu unachafua mikono. Sasa vidole vyangu vina bluu wakati wote, na nikiwafundisha wanafunzi ndicho kitu cha kwanza ninachowaonyesha, kabla ya hadubini.

Baada ya hapo nilijifunza kuogopa pia upande wa pili, yaani kusema "hakuna". Tulipewa kipande cha mashapo ya mashariki ya Mediteranea chenye ukanda mweusi unaojulikana kama S1, uliotanda kati ya takriban miaka 10,800 na 6,100 iliyopita. Juu na chini yake tope ni la manjano na kijivu. Kwenye ule weusi wa kilindini nilipepeta sahani baada ya sahani na sikupata foraminifera hata mmoja wa sakafu. Kabla ya kuliandika hilo nilipitia maswali yote. Chekeche ni la maikroni 63, limechovywa. Je, magamba yaliyeyuka? Lakini wanaoelea juu walikuwemo tele, kuta zao nyembamba zikiwa nzima, na kama kuna kitu kilichoyeyusha chokaa kingeanza na hao. Basi kweli huko chini hapakuwa na mtu. Enzi hizo mvua za Afrika zilikuwa na nguvu, Sahara ilikuwa na maziwa na malisho, na mto Naili ulimimina maji mengi mno, sehemu kubwa kutoka nyanda za juu za Ethiopia, na mkono wake mwingine ukishuka kutoka Ziwa Victoria. Maji baridi ni mepesi. Yakatanda juu ya bahari kama mfuniko, hewa ikaacha kushuka, na vilindi vikakosa pumzi kwa maelfu ya miaka. Mvua zilinyesha kwetu, bara hili, na waliokosa pumzi ni wao kule chini.

Nilirudi Jambiani mwaka jana nikiwa na hadubini ndogo ya kubebeka, machekeche matatu na beseni langu. Maji yakiwa yametoka nilikata jani moja la nyasi za bahari, nikalisuuza kwenye sahani ya kioo, nikakaa barazani. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, alikuwa amenisogelea tangu nifungue sanduku. Nikamwachia aangalie.

Amphistegina walikuwa hai, hudhurungi kwa wale diatomu wao. Mmoja alikuwa mweupe kabisa, amezungukwa na duara la vidoa vya hudhurungi. Ndivyo wanavyozaa wakati mwingine: mama huugawanya mwili wake wote, kila kipande kikapewa diatomu wake na kujijengea chumba cha kwanza, kisha wote hutoka na kumwacha gamba tupu.

"Shangazi, huyu mweupe ni nani?"

"Mama yao."

Akainama tena, akaanza kuwahesabu kwa sauti. Alifika 31, sahani ikatikisika, akaanza upya.